Mtu mmoja, milango mitatu

*Maneno ya wafanyakazi wa vijijini mbele ya mkutano wa wanachama, Kabambare*



Komite imetuomba tuseme juu ya jambo moja tu. Mnakumbuka kwamba katika kikao kilichopita barua ya binti yetu mmoja ilisomwa. Amemaliza lisansi, sasa anaomba chama kimsaidie minerva ya masteri, akasome saikolojia na tiba ya moyo pamoja na theolojia ya Kikristo. Barua ilipoisha, mzee mmoja aliuliza: “Akirudi atakuwa daktari ao pasta?” Watu wakacheka, lakini hakuna aliyejibu. Kisha mama mmoja akauliza: “Na hiyo franga, si ingetutosha mashine ya kukoboa mpunga?” Hapo hakuna aliyecheka.

Maswali yote mawili ni ya haki. Tumekuja kuyajibu kadiri tunavyoweza. Kuamua ni kazi yenu, si yetu.

Mtu aliyepita milango mitatu

Tuanze na mtu, masomo yatafuata. Mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari zake, bila jina na bila kijiji.

Alikimbia akiwa kijana, akavuka ziwa Tanganyika, akaishi miaka mingi Nyarugusu, ile kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996 ambayo wengi wenu mnaijua kuliko sisi. Alioa kule, akazaa kule. Aliporudi alikuta shamba la baba yake linalimwa na wengine, na kaburi la baba hakuna anayejua liko wapi. Hata hivyo alijenga nyumba, akapokea jembe na mbegu kama wenzake. Katika daftari letu tulimwandika kuwa mrudi aliyefaulu.

Lakini usiku halali. Piki-piki ikiingia kijijini, anatoka mbio nyuma ya nyumba. Anawapigia watoto kelele, kisha anajificha kulia. Bibi yake alituambia: “Mume wangu alirudi, lakini hajafika.”

Mlango wa kwanza aliobisha ni kituo cha afya. Muuguzi alimpima malaria, akampa dawa, baadaye akampa vidonge vya usingizi. Alilala siku vidonge vilipokuwapo. Vilipokwisha, usingizi nao ulikwisha. Hatumlaumu muuguzi: vijiji anavyohudumia ni vingi, na juu ya ugonjwa wa namna hii hakufundishwa zaidi ya hapo.

Mlango wa pili ulikuwa chumba cha maombi. Waombezi walimpokea vizuri kuliko mtu yeyote. Walimpa mkeka, wakamwimbia, wakakesha naye. Hilo tusilisahau, maana sisi wengine hatukukesha naye hata usiku mmoja. Lakini siku zilipopita bila kupona, maneno yalianza kugeuka. Kwanza walisema ni pepo. Kisha wakasema kuna dhambi ameificha. Mwisho wakasema imani yake ni ndogo. Alifungishwa siku nyingi bila kula. Akatoka dhaifu, na juu ya ugonjwa wa kwanza ameongeza wa pili: sasa aliamini kwamba Mungu mwenyewe amemkataa.

Mlango wa tatu ni sisi. Tulifika kwake na karatasi ya maswali. Unalala saa ngapi? Unaota ndoto mbaya? Kuna siku unaona hakuna faida ya kuishi? Alijibu vizuri. Katikati akanyamaza, akatutazama, akasema: “Ninyi mumesoma. Niambieni, Mungu alikuwa wapi siku ile?”

Tuliangalia karatasi. Swali lile halikuwa na nafasi yake pale. Tukamwambia kwamba hayo ni mambo ya mapasta, tukaendelea na swali namba tisa. Yaliyobaki aliyajibu yote kwa ndiyo na hapana tu. Juma lile lile aliingia porini, akakaa siku tatu. Vijana waliokwenda kutega wanyama ndio waliomkuta, wakamrudisha akiwa hai.

Tunasema haya mbele yenu kwa sababu kosa la mlango wa tatu ni letu. Mtu huyu alikuja mzima mara tatu, na kila mlango ulipokea kipande chake. Kituo kilipokea mwili. Chumba cha maombi kilipokea roho. Sisi tulipokea majibu ya karatasi. Lakini kwake yeye jeraha na swali juu ya Mungu vinatoka katika kinywa kimoja, na atakayemsaidia lazima awe na masikio ya kusikia vyote viwili. Hilo ndilo neno letu la leo. Yote yatakayofuata ni kulieleza.

Masomo haya yametoka wapi

Kuna wanaofikiri kwamba kuunganisha saikolojia na theolojia ni mtindo mpya wa wazungu wenye franga nyingi. Hebu tuone yalivyoanza.

Mwaka 1920 huko Marekani kulikuwa na mchungaji aitwaye Anton Boisen. Alishikwa na ugonjwa wa akili, akalazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipopona, aliona kwamba ndani ya hospitali ile hakuna aliyemsikiliza juu ya mambo ya imani, na kanisani hakuna aliyejua habari za ugonjwa wake. Alirudi katika hospitali ya namna ile, safari hii akiwa kasisi wa wagonjwa, na mwaka 1925 aliwaleta wanafunzi wa theolojia kufanya kazi mle ndani, katika hospitali ya Worcester, jimbo la Massachusetts. Alitaka wajifunze kumsoma mgonjwa kwa uangalifu ule ule wanaoutumia kusoma kitabu. Kwa hiyo masomo haya yalianzishwa na mtu aliyekuwa mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1965 chuo cha theolojia cha Fuller, California, kilifungua shule ya saikolojia ndani yake. Mwanafunzi alisoma saikolojia ya kutibu watu mpaka doktora, na papo hapo akasoma Biblia na theolojia. Mmoja wa waliopata doktora pale ni mama wa Kenya, Gladys Mwiti, aliyeanzisha Oasis Africa kule Nairobi mwaka 1990. Pamoja na mwalimu wa Fuller, Al Dueck, aliandika kitabu juu ya ushauri wa Kikristo kwa macho ya Kiafrika. Leo mtu hana lazima ya kuvuka bahari. Daystar, chuo kikuu cha Kikristo cha Nairobi, kinafundisha saikolojia ya ushauri hadi masteri.

Na sisi Wakongo tusijihesabu wageni katika jambo hili. Mchungaji Masamba ma Mpolo, Mkongo mwenzetu, alisoma tiba ya moyo na theolojia pamoja, akaifanya kazi hiyo maisha yake. Mwaka 1976 alitoa kitabu kwa Kifaransa, kilichochapwa Yaoundé, juu ya kuwafungua watu wanaosema wamelogwa. Angalieni alichokichagua. Hakuandika juu ya ugonjwa wa Ulaya. Alichukua jambo ambalo hapa Kabambare linavunja familia kila mwaka, jambo ambalo daktari analicheka na mhubiri wa mkesha analikuza, akaliweka mezani kama jambo la kusikilizwa na kutibiwa. Mtu anayesema “nimelogwa” mara nyingi anasema pia habari ya ugomvi katika ukoo, ya wivu, ya urithi, ya maiti ambayo haikuliliwa. Ukimtibu peke yake bila ukoo wake, umemwacha njiani.

Wanasoma nini hasa

Sasa tumjibu mzee wetu. Akirudi hatakuwa daktari wala pasta. Hatachoma sindano, hatabatiza. Atakuwa mtu wa kusikiliza aliyefundishwa kazi hiyo kama fundi anavyofundishwa ufundi.

Upande wa saikolojia anasoma jinsi hofu inavyobaki mwilini baada ya hatari kupita. Mtu aliyeona mauaji, akili yake inabaki mlinzi asiyebadilishwa zamu. Piki-piki inapita, yeye mwili wake umekwisha kukimbia kabla hajafikiri. Huo si woga, wala si ukosefu wa imani. Anasoma pia kutofautisha huzuni ya kawaida na ugonjwa, na kujua ni nani wa kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa: anayetaka kujiua, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mwenye kifafa. Kifafa peke yake kingetosha kutuonyesha faida. Ni ugonjwa wa ubongo na kina dawa, lakini hapa tumeona watoto wa kifafa waliopelekwa kwa waombezi na kwa waganga miezi mingi kabla ya mtu kutaja kituo cha afya.

Upande wa theolojia anasoma yale maswali ambayo sisi tuliyakimbia. Kwa nini mwenye haki anateseka? Dhambi ni nini na haya ni nini? Kusamehe ni nini, na kunaanza lini? Anasoma kwamba Biblia yenyewe imejaa watu wanaomlalamikia Mungu: Ayubu, Yeremia, Zaburi nyingi, kitabu kizima kinachoitwa Maombolezo. Mtu aliyetuuliza Mungu alikuwa wapi hakuwa anakufuru. Alikuwa anaomba kwa njia ambayo Maandiko yanaijua, na hakupata mtu wa kumwambia hivyo.

Kumbukeni rafiki za Ayubu. Walipofika walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa. Siku zile saba walikuwa wafariji wema. Waliharibu walipofungua kinywa kumweleza kosa lake. Chumba chetu cha maombi kilifanya vile vile: siku za kwanza zilikuwa dawa, maelezo yakawa sumu.

Sehemu ya tatu ndiyo ngumu, nayo ni kuunganisha. Watu wanafikiri kuunganisha ni kuchukua saikolojia kidogo na mstari mmoja wa Biblia, ukakoroga. Hapana. Elimu hizi mbili zinagombana mahali pengi, na mwanafunzi anafundishwa kukaa katikati ya ugomvi bila kudanganya upande wowote.

Tutoe mfano mmoja wa hapa kwetu. Mama aliyebakwa wakati wa vita anaambiwa kanisani: samehe, ili Mungu akuponye. Msaikolojia asiyejua imani atamwambia: achana na habari ya kusamehe, fikiria afya yako. Wa kwanza anamfungia mama mlango wa kulia na kukasirika. Wa pili anamnyang'anya kitu ambacho mama mwenyewe anakitaka siku moja. Aliyesoma yote mawili anajua kwamba msamaha haulazimishwi, haumzuii mtu kwenda kwenye haki, wala hauji kabla ukweli haujasemwa. Anajua pia kwamba mama huyu hakutenda dhambi yoyote ya kutubu. Alichobebeshwa ni haya, na haya ni ya yule aliyemtenda. Kumpeleka kwenye toba ni kumjeruhi mara ya pili, safari hii kwa jina la Mungu.

Mwisho kuna mazoezi. Mwanafunzi anakutana na watu wenye shida mbele ya msimamizi, anapeleka kazi yake ikaguliwe, anafundishwa kutunza siri. Na anapitishwa katika majeraha yake mwenyewe kwanza. Hilo kwetu ni kubwa, kwa sababu binti yetu naye alikimbia akiwa mtoto. Msikilizaji asiyejua kidonda chake atakisikia katika kila kinywa.

Ushahidi wa karibu

Wafadhili wanatuuliza: hii tiba ya maneno inafanya kazi kweli kwa watu wa kijiji? Tunao ushahidi, nao ni wa nchi yetu.

Mwaka 2013 jarida kubwa la madaktari wa Marekani lilitoa matokeo ya utafiti uliofanyika mashariki ya Kongo, kati ya wanawake waliopatwa na ubakaji. Vijiji vilikuwa 15, wanawake 405. Katika vijiji 7 walipewa tiba ya mazungumzo kwa kikundi, juma kwa juma. Katika vijiji 8 walipewa msaada wa kusikilizwa mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya matibabu, katika vijiji vya tiba ya kikundi wanawake 9 katika kila 100 ndio waliokuwa bado na dalili za huzuni kubwa ao wasiwasi wa kiugonjwa. Katika vile vingine walikuwa 42 katika kila 100.

Angalieni mambo mawili. La kwanza: waliotoa tiba ile hawakuwa na masteri. Walikuwa wasaidizi Wakongo, wenye miaka 4 ao zaidi ya shule baada ya msingi, waliofundishwa na kufuatiliwa na wasimamizi. Wagonjwa wengi hawakujua kusoma, basi mafundisho yalirahisishwa ili yashikwe kwa kichwa. Kwa hiyo msikilizaji wa kijiji hahitaji diploma kubwa. Lakini lazima awepo mtu mmoja aliyesoma sana wa kumfundisha, kumrekebisha na kumwinua akichoka. Mtu huyo ndiye hatuna.

La pili: kazi ya tiba ile ni kuyashika mawazo yaliyokwama na kuyachunguza. “Ni kosa langu.” “Mimi sina thamani tena.” Sasa sikilizeni mawazo hayo yanavyosemwa hapa Kabambare: “Mungu ananilipiza.” “Mimi ni mchafu mbele za Mungu.” Utayachunguzaje kama hujui Mungu anasema nini, ao kama unaogopa kumtaja? Utafiti ule haukuwa wa kanisa, na sisi hatusemi ulikuwa hivyo. Tunasema tu kwamba huku kwetu wazo lililokwama mara nyingi limevaa nguo ya dini, na atakayelivua lazima aijue nguo hiyo.

Hofu zenu, na zetu

Tumezunguka vijiji kabla ya mkutano huu. Tumesikia hofu nne.

Ya kwanza: akisoma hatarudi. Hofu hii ina mizizi. Wamekwenda wengi, wakapata kazi Bukavu, Goma ao ng'ambo, na sisi tulibaki na picha zao. Hatuna dawa ya hakika. Tutarudi kwenye jambo hili katika mapendekezo.

Ya pili ni ya ndugu zetu Waislamu. Mzee mmoja alituambia kwa upole: “Chama ni chetu sote, mchango ni wetu sote. Sasa tunalipia masomo ya Kikristo?” Ana haki. Uislamu ulifika Kasongo na Kabambare na misafara ya watu wa pwani, karne ya 19, kabla ya misioni, na katika kambi hakuna aliyeulizwa dini kabla ya kugawana maji. Jibu letu ni hili: anayesoma vizuri imani yake na kazi ya kusikiliza anafundishwa kutomvuta mtu dhaifu aingie dini nyingine. Kumbadilisha mtu dini wakati hajalala siku kumi ni kumwibia. Mwislamu akimuuliza Mungu alikuwa wapi, kazi yake ni kulisikia swali, kulitunza, na kumpeleka kwa shehe anayejua kusikiliza. Kwa hiyo tunataka mashehe wawe ndani ya mpango tangu siku ya kwanza. Wasiletwe mwishoni kama wageni.

Ya tatu ni ya waombezi: mtatufungia vyumba vya maombi. Hapana. Usiku mtu anaposhikwa na hofu, anayefungua mlango ni nyinyi, si shirika. Tunachoomba ni mipaka mitatu: mgonjwa asinyimwe chakula, asifungwe kamba, asikatazwe dawa ya hospitali. Mengine tuyafanye pamoja.

Ya nne ndiyo nzito, na ni ya yule mama wa mashine ya mpunga. Maneno hayarudishi shamba. Ni kweli, na hatutaki mtu afundishwe kuvumilia wizi. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyofunguliwa mwaka 1999, imetufundisha jambo hapa. Daktari Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, ni daktari na ni mchungaji pia, lakini Panzi haikuishia kwenye upasuaji na maombi. Iliweka pamoja matibabu ya mwili, msaada wa moyo, msaada wa sheria, na msaada wa kuanza maisha tena. Mtu wetu wa milango mitatu anahitaji kusikilizwa na anahitaji shamba la baba yake. Kimoja hakilipi deni la kingine. Lakini mtu asiyelala hawezi kusimama mbele ya shefu kudai mpaka wa shamba, na mashine ya kukoboa haimsaidii asiyeweza kulima.

Tunayopendekeza

Hatuombi mkubali leo. Tunaomba mjadili mambo haya matano.

Moja: tuanze kabla ya masteri. Tuchague wasikilizaji sita, wanawake watatu na wanaume watatu, Wakristo na Waislamu, kati ya watu ambao majirani wanawaendea tayari. Wafundishwe mambo ya kwanza: kusikiliza, siri, dalili za hatari, wapi pa kumpeleka mtu.

Mbili: binti yetu afanye kazi na hao sita mwaka mmoja mzima kabla ya kwenda. Kama kazi hii si yake, tutaijua hapa, kwa bei ndogo.

Tatu: akienda, mazoezi yake ya likizo yafanyike Kabambare, na kazi yake ya mwisho ya kuandika iwe juu ya warudi wa Kabambare. Masomo yatakayofanyika juu yetu ni magumu kuyapeleka mbali nasi.

Nne: kuwe na mapatano ya maandishi mbele ya shefu, ya familia yake na ya wafadhili. Atatumika hapa miaka mingapi, atalipwa na nani, na kama asiporudi atarudisha nini. Tusimtege binti. Tukimwita arudi kwenye kazi isiyo na mshahara, tutakuwa tumemfukuza wenyewe.

Tano: franga ya masomo isitoke katika mchango wa likelemba wala katika mfuko wa mazishi. Itoke kwa wafadhili watakaokubali kwa jina lake, na hesabu isomwe hapa kila miezi mitatu, mbele ya wote. Na kama mashine ya mpunga itapata mfadhili wake, tutaipokea kwa mikono miwili.

Kumaliza

Mtataka kujua yule mtu yuko wapi. Yuko. Baada ya siku zile tatu za porini, hakwenda tena kituoni, hakwenda chumba cha maombi, na kwetu hakuja. Mama mmoja mzee, katekista, mjane, alianza kupita kwake jioni. Hakuja na karatasi. Alikuwa anachambua sombe pale barazani, wanakaa. Siku nyingi hawakusema kitu. Jioni moja yule mtu akamrudia na swali lake: Mungu alikuwa wapi siku ile? Mama akaweka sombe chini, akasema: “Mwanangu, na mimi nilimuuliza hivyo walipomuua baba wa watoto wangu. Bado namuuliza. Tumuulize pamoja.”

Hatusemi alipona siku ile. Piki-piki bado zinamtisha, na shamba bado liko kwa shefu. Lakini alianza kusema, na usiku mwingine sasa analala.

Mama yule hajasoma masteri, na alifanya ambalo sisi wenye lisansi tulishindwa. Basi msituulize tena kwa nini tunataka kumpeleka mtu shule. Hatumpeleki akajifunze kuwa bora kuliko mama yule. Tunampeleka kwa sababu mama yule ni mmoja, amezeeka, na amechoka. Juma lililopita alituambia kwamba sasa yeye ndiye asiyelala, maana watu wanamwachia mambo mazito na hana wa kumwachia. Tulimwuliza ni nani anayemsikiliza yeye. Akacheka, akaendelea kuchambua sombe.

 Maneno sasa ni yenu.